Damu ya Nguruwe Kumi, Kipimo Kimoja

Kwa mfugaji wa Nyamira mwenye nguruwe wawili nyuma ya jikoni, hasara haihitaji kikokotoo. Wakifa wote, karo ya muhula imekwenda nao. Ndivyo ifanyavyo homa ya nguruwe ya Afrika: joto hupanda, masikio na tumbo huwa mekundu, chakula hukataliwa, na baada ya siku chache mnyama amelala. Haimshiki binadamu, lakini haina tiba. Na wala haikutoka mbali. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, kutokana na nguruwe waliokufa humu humu Kenya. Kirusi hukaa kwa ngiri bila kumdhuru, kikibebwa na kupe laini. Anayeangamia ni nguruwe wa kufugwa.

Dawa ikikosekana, kinachobaki ni kuwahi kujua. Tatizo ni gharama, kwani kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vya kirusi katika damu, ni mzigo kwa kila mnyama. Hapo ndipo hila ya mwanauchumi Robert Dorfman inapofaa. Mwaka 1943 alipendekeza damu za wanajeshi wa Marekani zichanganywe kwa makundi ili kusaka kaswende. Kundi likiwa safi, wote ni safi. Likionyesha ugonjwa, ndipo kila mmoja apimwe peke yake. Rwanda ilifuata wazo la jamii hiyo mwaka 2020 wakati wa korona.

Chukua nguruwe 100, makundi ya kumi kumi, mgonjwa akiwa mmoja. Vipimo kumi vya kwanza, kisha kumi vya kundi lenye kirusi: jumla 20 badala ya 100.

Sasa tuseme wagonjwa ni kumi. Kila kundi likiangukiwa na mgonjwa mmoja, utapima mara 110, afadhali usingechanganya. Lakini wote kumi wakiwa katika kundi moja, unarudi kwenye 20. Wagonjwa ni wale wale. Kilichobadilika ni namna ya kuwapanga.

Hili ndilo ningependa wapimaji wa Kisii na Nyamira walishike. Huku nguruwe hawajai kama kuku. Waadventista Wasabato ni wengi na hawali nyama yake, kwa hiyo wafugaji wametawanyika, huyu ana wawili, yule ana watano. Ugonjwa hautambai ovyo kati yao. Hufuata dume wa kuazima, mchuuzi anayezunguka na pikipiki, na mabaki ya hotelini yenye vipande vya nyama ya nguruwe. Basi sampuli zichanganywe kwa kufuata njia hizo: waliopandishwa na dume mmoja wawe kundi moja, walionunuliwa kwa mchuuzi mmoja kundi jingine. Kuchanganya kwa kufuata mpangilio wa mirija katika kisanduku ni uvivu unaogharimu.

Kuchanganya kunapunguza nguvu ya sampuli, hilo halikwepeki. Damu ya mgonjwa ikiingia kati ya kumi, mashine ya PCR, inayonakili vinasaba mzunguko baada ya mzunguko, huchelewa kuona kirusi kwa mizunguko mitatu hivi. Kwa homa hii si hasara kubwa, maana damu ya nguruwe aliyeugua imejaa virusi. Anayeweza kuponyoka ni aliyeambukizwa juzi tu, ndiyo sababu upimaji mmoja hautoshi. Aliye na dalili asichanganywe kamwe. Apimwe peke yake, siku hiyo hiyo. Na kuchanganya kufanyike maabara, sehemu ya kila damu ikiwekwa akiba, la sivyo kundi likionyesha ugonjwa itabidi kuwarudia wenye mabanda upya.

Nguruwe wako akikataa kula na mwili umechemka, usimuuze wala usimchinje haraka haraka. Mwite afisa wa mifugo, na umtajie bila aibu dume uliyemwazima alitoka boma la nani.