Penzi Lisilo Papara Lina Mengi ya Kutufunza

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hata hivyo, wapo waandishi Waislamu wa riwaya za mapenzi ambao huwaacha wahusika wao wakikizuia kikohozi hicho kwa mamia ya kurasa. Msomaji hukisikia kifuani mwao kabla wao wenyewe hawajakikiri. Mtindo huu, naamini, unastahili kuzingatiwa na walimu na wanafunzi wa fasihi.

Aghalabu hudaiwa kuwa riwaya ya mapenzi ni kitabu cha kupokonywa mwanafunzi darasani. Madai haya yana uzito pale ambapo kisa hakina ila tamaa za mwili. Lakini je, tuzihukumu riwaya zote kwa kosa la baadhi yake?

Hebu tuitazame The Translator ya Leila Aboulela, mwandishi aliyelelewa Khartoum, ambayo ilichapishwa mwaka wa 1999. Sammar ni mjane kutoka Sudan anayefanya kazi ya kutafsiri Kiarabu katika chuo kikuu mjini Aberdeen, Uskoti. Mumewe alifariki katika ajali ya gari, na mwanawe mdogo analelewa Khartoum. Polepole anampenda Rae, msomi wa Kiskoti anayeufahamu Uislamu vitabuni lakini hauamini. Hawapapasani wala hawabusiani. Penzi lao hukua kwa mazungumzo ya simu, kwa kazi wanayoshirikiana na kwa kujuliana hali.

Kinachowazuia si baba mkali wala tajiri mwenye hila. Ni imani, kwani Sammar hawezi kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu. Naye Rae hataki kusilimu kwa ajili ya kupata mke tu. Wanaachana kwa uchungu, na Sammar anarejea kwao. Huko ndiko anakotambua kwamba alikuwa akimwombea Rae kwa manufaa yake mwenyewe. Anapoibadilisha dua hiyo, ndipo riwaya inapobadilika.

Wapo watakaosema kuwa kusilimu kwa Rae mwishoni ni njia rahisi ya kukifunga kisa. Mimi sikubaliani nao. Mwandishi ametumia kitabu kizima kutuonyesha kwamba imani isiyo ya dhati ingeliharibu penzi hilo. Kucheleweshwa kwa jibu ndiko kunakolipa thamani.

Mfano wa pili una ucheshi zaidi. Katika Ayesha at Last ya Uzma Jalaluddin (2018), Ayesha ni mwalimu wa muda mjini Toronto, Kanada, anayependa kutunga mashairi. Khalid ni kijana wa ndevu na kanzu ambaye kila mtu humhukumu kwa mavazi yake, naye pia ni hodari wa kuhukumu wengine. Wanaanza kwa kudharauliana. Kila wanapokutana, dhana moja potovu huvunjika, hadi wanapobaki watu wawili wanaofahamiana.

Hapa ndipo lilipo somo la fani. Taharuki haihitaji bastola wala maiti. Macho yanayoinamishwa au jina linaloepukwa kutajwa huweza kumfanya msomaji asilale. Wanafunzi wengi, wanapoandika insha ya mapenzi, huwakutanisha wahusika katika aya ya kwanza na kuwaoza katika ya tatu. Wahusika hao hawana muda wa kuwa watu.

Hata hivyo, tutahadhari. Subira ya riwaya hizi isigeuzwe kuwa hoja ya kuwanyamazisha wasichana. Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anaozwa kwa Raza, mzee asiyempenda, na anatarajiwa kuvumilia. Huo si uvumilivu bali ni dhuluma. Sammar na Ayesha husubiri kwa sababu wana uwezo wa kukataa. Haya yao ni uamuzi wao, wala si pingu.

Kwa maoni yangu, basi, mwalimu anayekuta riwaya ya mapenzi chini ya dawati aisome kwanza kabla ya kuipokonya. Kisha amwulize mwanafunzi: ni nini kinachowazuia wapenzi hawa, na je, wana haki ya kukataa? Kijana anayeweza kuyajibu maswali hayo kitabuni hatashindwa kuyauliza atakapofikiwa na posa yake mwenyewe.