Je, Wajua? Siri Zilizotunzwa na Majangwa ya Misri

Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Misri ni jangwa. Karibu wananchi wote wamebanana kandokando ya Mto Nile na katika delta yake, na watalii wengi nao huishia hukohuko: piramidi, makumbusho, safari ya jahazi mtoni, kisha uwanja wa ndege. Wanaothubutu kuingia ndani hukuta mambo yasiyopatikana kwingineko, kwa sababu moja kubwa: ukavu hauozeshi. Kilichoangushwa jangwani miaka elfu nne iliyopita huenda bado kiko palepale kilipoanguka.

Je, wajua kwamba kuna nyangumi waliolala mchangani, tena wenye miguu?

Kilomita kama 150 kusini-magharibi mwa Cairo, katika mkoa wa Fayoum, kuna bonde liitwalo Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi. Miaka karibu milioni 40 iliyopita hapa palikuwa bahari. Mgeni hufuata njia iliyowekewa mawe pembeni, na kila baada ya mwendo mfupi hukutana na uti wa mgongo umejipanga juu ya mchanga pingili kwa pingili, kila pingili nene kama ndoo. Aliye maarufu zaidi ni Basilosaurus, mnyama wa urefu wa zaidi ya mita 15.

Ukimkagua karibu na mkia, utaona kilichowashangaza wataalamu: miguu miwili midogo ya nyuma, yenye goti na vidole. Haikuweza kumbeba, ni masalia ya babu zake waliotembea nchi kavu kabla ya kuhamia majini. Jirani yake kuna meno ya papa na hata mizizi ya mikoko iliyogeuka jiwe, kwa hiyo mtu wa Lamu au Kilwa angeitambua pwani hii mara moja. UNESCO iliuingiza ukumbi huu wa wazi katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Je, wajua kwamba piramidi zimejaa "dengu"?

Bahari hizo za kale ziliacha pia mawe ya chokaa ambayo mafundi wa Farao Khufu waliyachonga kujengea Piramidi Kuu ya Giza. Yaangalie mawe hayo kwa karibu: mengi yana viduara vidogo bapa, vimebanana tele. Hivyo ni visukuku vya viumbe vya baharini viitwavyo numuliti. Mwanajiografia Strabo, aliyetembelea Giza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliwasikia watu wakisema kwamba ni mabaki ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka jiwe, kwa sababu yanafanana na dengu.

Je, wajua kwamba kito cha Tutankhamun kina kioo kilichotengenezwa na jangwa lenyewe?

Katikati ya pambo moja la kifuani la mfalme huyo kijana kuna mdudu wa kuchonga, wa rangi ya njano iliyofifia. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa wa jiwe la kawaida la thamani. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba ni kioo cha asili kinachookotwa katika Bahari Kuu ya Mchanga, karibu na mpaka wa Libya. Miaka karibu milioni 29 iliyopita, mchanga wa huko uliyeyushwa na joto kali ajabu lililoletwa na kimondo, kisha ukapoa ukawa kioo.

Je, wajua kwamba ndani ya jangwa kavu kabisa kuna picha za waogeleaji?

Kusini-magharibi mwa nchi, kwenye nyanda za juu za Gilf Kebir, mpelelezi kutoka Hungaria László Almásy aliingia mwaka 1933 katika pango lenye michoro ya watu wadogo walionyoosha mikono na miguu kana kwamba wanaogelea. Wataalamu wengine huona humo safari ya roho za wafu. Kuhusu mazingira hakuna ubishi: michoro ina maelfu ya miaka, na enzi hizo Sahara ilikuwa na mvua, maziwa, nyasi na mifugo. Sahara ilikamilisha kukauka miaka kama 5,000 iliyopita, na watu wengi wakasogea kuufuata Mto Nile.

Je, wajua kwamba daftari la msimamizi wa wajenzi wa piramidi bado lipo?

Mwaka 2013, kikosi cha mwanaakiolojia Mfaransa Pierre Tallet kilikuwa kikichimba Wadi al-Jarf, bandari ya kale kwenye Bahari ya Shamu. Kikapata vipande vya mafunjo vyenye maandishi ya miaka 4,500, ambavyo ni vikongwe kuliko mafunjo yote yenye maandishi yanayojulikana. Kati yake kuna kumbukumbu za ofisa aitwaye Merer. Humo anaandika siku kwa siku jinsi vijana wake walivyopakia mawe ya chokaa huko Tura, wakavuka nayo kwa mashua na kuyashusha Giza, wakati wa Khufu. Katika nchi ya mvua, karatasi hizo zisingemaliza msimu mmoja.

Je, wajua kwamba jangwa hili liliwahi kufanya biashara na pwani yetu?

Kusini zaidi kwenye ufuko huohuo kuna magofu ya Berenike, bandari iliyojengwa na Mfalme Ptolemy II katika karne ya 3 KK ili kupokea tembo wa vita kutoka kusini. Baadaye viungo vilichukua nafasi ya tembo. Katika ua wa hekalu lake wachimbaji walikuta mtungi wa Kihindi wenye zaidi ya kilo 7 za pilipili manga ya karne ya 1 BK, na mwaka 2022 wakafukua sanamu ya Buddha. Mizigo ilipanda ngamia ikavuka jangwa hadi Nile, kisha ikashuka kwa mto hadi Alexandria.

Kitabu cha mabaharia cha karne hiyo ya 1 BK, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinaitaja Berenike. Kinaitaja pia Rhapta, soko la mwisho kusini mwa Azania (jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki), ambalo wanahistoria wengi huliweka katika pwani ya Tanzania ya leo. Kwa hiyo msafiri wa Dar es Salaam anapofika Berenike, anakanyaga upande wa pili wa njia ambayo wenyeji wa pwani yake waliijua karibu miaka 2,000 iliyopita.

Je, wajua kwamba ndani ya monasteri ya Mlima Sinai kuna msikiti?

Monasteri ya Mtakatifu Katarina ilijengwa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6, chini ya mlima ambao waumini wanauita Jabal Musa, wenye kimo cha mita 2,285. Kwa karne nyingi mgeni hakupita mlangoni: alivutwa juu ya ukuta kwa kamba na kapi, kwa hofu ya wavamizi. Ndani, mnara wa kengele na mnara wa msikiti vinatazamana. Msikiti huo ni wa enzi za Wafatimi. Watawa pia hutunza nakala ya hati ya ulinzi ambayo, kwa mapokeo yao, walipewa na Mtume Muhammad (S.A.W.). Wanasema ya asili ilichukuliwa Istanbul na Sultani Selim I.

Maktaba yake ilitunza Kodeksi ya Sinai ya karne ya 4, yenye Agano Jipya kamili la kale kuliko yote yaliyosalia. Mwaka 1859 msomi Mjerumani Tischendorf aliondoka na sehemu kubwa ya kodeksi hiyo, ikafika Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuzia Uingereza kwa pauni 100,000. Leo kurasa zake zimegawanyika kati ya London, Leipzig, St Petersburg na Sinai kwenyewe.

Mahujaji na watalii hupanda mlima usiku wafike kileleni kabla ya jua kuchomoza. Huko juu kuna kanisa dogo na msikiti mdogo. Beba koti zito, maana majira ya baridi theluji huanguka.

Je, wajua kwamba mvua ya siku tatu iliubomoa mji mzima?

Siwa ni oasisi iliyo chini ya usawa wa bahari, kilomita kama 50 kutoka mpaka wa Libya, na wenyeji wake huzungumza lugha ya Kiberberi. Mwaka 331 KK Aleksanda Mkuu alifika hapa kuomba uaguzi katika hekalu la mungu Amun, na magofu ya hekalu hilo bado yanaonekana juu ya kilima cha mawe. Mji wa zamani, Shali, ulijengwa kwa udongo uliochanganyika na chumvi. Ulisimama karne kadhaa, hadi mwaka 1926 mvua iliponyesha kwa siku tatu, chumvi ikayeyuka na nyumba zikaporomoka.

Je, wajua kwamba hekalu la Abu Simbel si pale lilipochongwa?

Mchanga uliwahi kulifunika hekalu hili la Ramses II, ukalihifadhi. Hatari yenyewe ilitoka majini, pale Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kujengwa. Kati ya 1964 na 1968 UNESCO iliongoza kazi ya kulikata hekalu vipande zaidi ya 1,000 na kuliunga upya mita 65 juu zaidi. Wahandisi hawakusahau jua: tarehe 22 Februari na 22 Oktoba miale ya asubuhi bado hupenya hadi chumba cha ndani kabisa, ikaziangaza sanamu zilizokaa humo, isipokuwa ya mungu Ptah, ambaye hubaki gizani.

Ukijaliwa kwenda

Nenda kati ya Novemba na Februari, joto likiwa limepungua. Safari za ndani kabisa ya Jangwa la Magharibi zinahitaji kibali na mwongozaji anayejua njia, basi usimwamini dereva anayekuambia mambo yote yatajulikana hukohuko. Monasterini na misikitini vaa kwa heshima na uulize kabla ya kupiga picha. Tena usiokote kitu, hata jino dogo la papa, wala usiguse michoro ya mapangoni. Jangwa limetunza vitu hivi kwa maelfu ya miaka, na mkono wa mtalii mmoja unatosha kuviharibu kwa dakika moja.