Isoniazidi na Damu Inayovuja Upya

Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu iliyoanza kutumika mwaka 1952, humezwa kwa kawaida kwa miezi 6. Kwa wagonjwa wachache mno, mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya kigandisha damu namba 13, protini inayokaza bonge la damu lililokwisha kuganda. Jeraha hufunga, kisha huvuja upya baada ya saa au siku kadhaa.

Vipimo vya kawaida vya kuganda damu huishia pale bonge linapojitokeza, hivyo majibu huonekana mazuri. Tabibu naye huweza kupotoka. Kipimo mahususi cha protini hiyo ndicho hubaini tatizo.

Mwenye michubuko mikubwa isiyo na sababu awahi hospitali akiwa na dawa zake zote. Uamuzi wa kuibadili isoniazidi ni wa daktari, kwani tiba ikikatishwa kiholela kifua kikuu huweza kuwa sugu.