Jinsi msomaji wa Kitui na Makueni anavyoweza kuinoa programu yake ya habari

KABLA ya maduka kufunguliwa mjini Wote au Kitui, tarakilishi iliyowashwa mapema inaweza kuwa imekwisha kupitia tovuti hamsini na kurejea na vichwa vya habari vya siku hiyo. Kazi hiyo hufanywa na programu ndogo inayokaa ndani ya tarakilishi yenyewe, ambayo hukusanya milisho ya habari na kuipanga mbele ya mwenyewe mithili ya barua zilizopangwa mezani.

Mlisho ni faili fupi ambayo tovuti huiandika upya kila inapochapisha jambo. Ndani yake mna kichwa cha habari, muhtasari, tarehe na kiungo cha kumfikisha msomaji kwenye makala kamili. Mtindo unaojulikana zaidi wa kuandika faili hizo, RSS, ulianzia katika kampuni ya Netscape nchini Marekani mwaka 1999. Mwenzake, Atom, ulisanifishwa mwaka 2005.

Wapo wanaodai kwamba zama za programu hizi zimepita. Hoja yao hutegemea tukio la Julai 1, 2013, siku ambayo kampuni ya Google iliifunga huduma yake ya Google Reader. Mwaka huo huo Nick Bradbury, Mmarekani aliyeiunda FeedDemon, programu iliyopendwa sana na watumiaji wa Windows, alitangaza kuiacha, kwa kuwa ilitegemea huduma hiyo ya Google kulinganisha habari baina ya tarakilishi moja na nyingine.

Hata hivyo, si zote zilizozikwa siku hiyo. Liferea na Akregator zingali zinatumika kwenye Linux, RSS Guard hufanya kazi kwenye mifumo kadhaa, na Thunderbird, ambayo wengi huijua kwa baruapepe, husoma milisho pia. NetNewsWire, iliyoanzishwa na Brent Simmons mwaka 2002 kwa tarakilishi za Apple, iliuzwa mara mbili kabla ya kurudi mikononi mwake mwaka 2018, na mwaka uliofuata akaitoa bure pamoja na msimbo wake.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kwa mtumiaji. Programu iliyo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi, haimlazimu aipendaye kungoja hisani ya kampuni. Anaweza kuichunguza, kuieleza kasoro yake, kuitafsiri, na akiwa na ujuzi, kuirekebisha.

Katika kaunti za Kitui na Makueni suala hili si la kujifurahisha tu. Huku ni nchi ya ukame, ambako mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba ndizo wakulima wengi huzitegemea kuliko za masika. Anayelima ndengu, mtama au mbaazi huhitaji utabiri kabla ya tone la kwanza kudondoka, kwani mbegu huhitaji kuwa ardhini mapema. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, huandaa taarifa za kila mwezi kwa kaunti zinazokabiliwa na ukame, hizi mbili zikiwemo.

Si kila mkulima ana tarakilishi, wala hahitaji kuwa nayo. Mara nyingi habari humfikia kupitia kwa mtu mmoja: mwalimu anayebandika karatasi ukutani, afisa wa ugani, karani wa chama cha ushirika, au mtangazaji wa redio. Mtu huyo asipoiona taarifa kwa wakati, kijiji kizima hakiioni. Kwa hiyo, programu yake ikikosea, hasara haimwishii yeye.

Na programu hizi hukosea, hasa zinapokutana na lugha ambazo waundaji wake hawakuzifikiria.

Mfano ulio karibu ni jina la Kitui lenyewe. Katika maandishi ya Kikamba huandikwa Kĩtui, kwa kuwa lugha hiyo ina irabu saba na alama ya wimbi hutenganisha ĩ na i, vilevile ũ na u. Mtu aliyeweka kichujio cha kumletea kila habari yenye neno “Kitui” anaweza asipate hata moja iliyoandikwa “Kĩtui”, maana kwa tarakilishi hizo ni herufi mbili zisizojuana.

Tatizo haliishii hapo. Kanuni ya Unicode, inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, inaruhusu ĩ iandikwe kwa njia mbili: kwa namba moja inayosimamia herufi nzima, au kwa namba mbili, moja ya i ya kawaida na nyingine ya wimbi linaloelea juu yake. Machoni pa binadamu hakuna tofauti. Programu isiyozileta njia hizo mbili kwenye umbo moja kabla ya kulinganisha itasema “Kĩtui” ya tovuti hii si “Kĩtui” ya ile.

Kuna na mtego wa tatu. Programu nyingi za aina hii huhifadhi habari katika hifadhidata iitwayo SQLite. Kwa kawaida yake, utafutaji wa hifadhidata hiyo kwa mfano wa maneno hulinganisha herufi kubwa na ndogo katika alfabeti ya Kiingereza pekee. Kwa hivyo anayetafuta “kamba” ataiona “KAMBA”, lakini anayetafuta “ũkamba” huenda asiione “ŨKAMBA”, isipokuwa muundaji amechukua hatua ya kulitatua jambo hilo.

Muundaji anayeishi Ujerumani au Ucheki hatagundua kasoro hizi akiwa peke yake. Si kwa uzembe; hana tu neno la kuzijaribia. Mtu wa Mwingi au Mutomo analo, na kulitoa ni mchango mkubwa kuliko anavyodhani.

Kiswahili nacho kina yake. Baadhi ya vichujio hutafuta neno zima, mtindo unaofaa lugha ambazo maneno yake hayabadiliki sana. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mambo mengi mgongoni: itanyesha, imenyesha, zilinyesha, isiponyesha. Anayeweka “kunyesha” kwenye kichujio cha neno zima atakosa yote manne. Dawa yake ni kuandika kipande “nyesh” na kuchagua utafutaji wa sehemu ya neno. Programu isiyotoa nafasi hiyo inastahili kuombwa iitoe.

Kasoro nyingine ni ya saa. Kila habari ndani ya mlisho huandamana na wakati wa kuchapishwa, na wakati huo unapaswa kutaja umbali wake kutoka saa ya Greenwich, ambao kwa Afrika Mashariki ni saa tatu mbele. Zipo tovuti ambazo huandika saa ya hapa bila kutaja umbali huo. Programu ikidhani ni saa ya Greenwich, habari iliyochapishwa saa mbili asubuhi huonekana kana kwamba ni ya saa tano, nayo hukaa juu ya orodha kwa muda wa saa tatu nzima ikizifunika zilizo mpya kuliko yenyewe. Kosa hapo ni la tovuti, lakini programu nzuri humpa mtumiaji nafasi ya kusema kwamba mlisho fulani usomwe kwa saa ya Nairobi, au upangwe kwa wakati ulipopokewa.

Kisha kuna gharama ya data, ambayo mtu wa Nairobi mwenye waya wa mtandao nyumbani huweza kuisahau. Tuseme msomaji wa Kibwezi anatumia intaneti ya rununu na kufuatilia milisho 50, kila mmoja ukiwa na kilobaiti 80. Mzunguko mmoja ni takriban megabaiti 4. Programu ikiuliza kila nusu saa kwa saa nane za kazi, itakula megabaiti 64 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi megabaiti 1,408. Ikiuliza mara mbili tu kwa siku, mwezi mzima utamalizika kwa megabaiti 176.

Badiliko hilo halihitaji ujuzi wowote. Limo kwenye mipangilio, ambako milisho mingi huweza kupewa muda wake binafsi: wa hali ya hewa asubuhi na jioni, wa zabuni na ajira mara moja kwa siku, wa jarida la kila mwezi mara moja kwa wiki.

Pamoja na hayo, zipo adabu za mtandao ambazo programu na sava zinapaswa kutimiziana. Sava hutoa faili pamoja na alama inayotambulisha toleo lake. Programu ikirudi mara ya pili huionyesha alama hiyo, na kama hakuna kipya, sava hujibu kwa namba 304, yaani hapana mabadiliko, bila kutuma faili upya. Jibu hilo ni dogo mno likilinganishwa na kilobaiti 80. Programu inayopuuza alama hiyo, au tovuti isiyoitoa, humlipisha msomaji data kwa jambo ambalo amekwisha kulisoma.

Aliyegundua kasoro afanye nini? Kwanza, ahakikishe anatumia toleo jipya, kwani huenda dosari imekwisha kurekebishwa. Pili, atazame orodha ya hitilafu ambayo miradi huria huiweka wazi, aone kama kuna aliyemtangulia. Akikosa, aandike ripoti inayotaja toleo la programu, mfumo wa tarakilishi, anwani ya mlisho, alichofanya, alichotarajia na alichokiona.

Malalamiko kwamba “utafutaji haufanyi kazi” hayamsaidii mtu. Maelezo kwamba “nikitafuta Kitui sipati makala yenye kichwa Kĩtui katika mlisho huu” humwezesha mtu asiyejua neno la Kikamba kuiona kasoro hiyo kwenye meza yake kwa dakika tano. Faili ndogo ya mfano yenye habari mbili, moja kwa kila tahajia, ni bora zaidi. Ikumbukwe kuwa wengi wa waundaji hawa hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, jioni baada ya ajira zao, na lugha ya matusi huifungia ripoti mlango.

Kwa wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, wakiwemo wale wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, hapa pana zoezi lenye faida kuliko mengi ya darasani. Kuleta tahajia mbili za ĩ kwenye umbo moja ni kazi ambayo lugha nyingi za programu zina nyenzo zake tayari. Liferea na RSS Guard vilevile huruhusu mtumiaji kuandika hati fupi ya kuchota habari kutoka ukurasa usio na mlisho na kuzigeuza kuwa mlisho. Mwanafunzi mmoja akiandika hati ya namna hiyo kwa ukurasa wa taarifa za ukame, wengine huweza kuitumia bila kujua hata mstari mmoja wa msimbo.

Kenya si ngeni katika kazi ya kuchuja habari kwa programu huria. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja Desemba 30, 2007, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, wengi walikimbilia maandishi ya wanablogu. Mapema mwaka 2008 Ory Okolloh, Erik Hersman, David Kobia, Juliana Rotich na wenzao walianzisha Ushahidi, iliyokusanya taarifa za raia na kuziweka kwenye ramani. Baadaye Ushahidi iliunda SwiftRiver, nyenzo ya kuchekecha mafuriko ya arafa, baruapepe na milisho ili kilicho muhimu kisizame. Tatizo lililozaa nyenzo hiyo ndilo lile lile la mwalimu wa Mutomo, ila kwa kipimo kikubwa.

Tafsiri ni mlango mwingine. Kiswahili kimewahi kuingizwa katika programu huria kwa kishindo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisini kwa Kiswahili. Programu ya milisho ni ndogo zaidi. Maneno yake ni ya menyu, vitufe na maonyo, na hayahitaji ujuzi wa msimbo. Ugumu uko kwingine. Je, iwe kompyuta au tarakilishi, mlisho au kilisho? Nairobi na Dar es Salaam hazijakubaliana, na mfasiri hana budi kuchagua neno moja na kulishikilia hadi mwisho, maana hakuna kinachomchosha msomaji kama kitufe kimoja chenye majina matatu.

Yote haya yatakuwa bure iwapo umeme utakatika ghafla hifadhidata ikiwa inaandikwa, au tarakilishi kuibwa. Karibu kila programu ya aina hii inaweza kutoa orodha ya milisho katika faili ya OPML, ambayo programu nyingine yoyote huisoma. Walioitoa orodha hiyo kutoka Google Reader mwaka 2013 walihamia kwingine na kuendelea kusoma. Faili yenyewe ni ndogo kiasi cha kutumwa kwa baruapepe, na kuitoa ni suala la kubofya mara mbili au tatu, kwa kawaida chini ya menyu ya faili au ya milisho.