Neno Moja Lililogombewa na Mataifa

Bwana Shamba akikueleza jinsi ya kupanda mahindi yako, waweza kumjibu, "Asante, nimefurahi kupata habari hizi," ama waweza kusema, "Haya, nimesikia." Wewe mwenyewe wajua tofauti yake. Tofauti hiyo hiyo iliwagombanisha wajumbe wa mataifa mwezi wa Desemba, 2018, mjini Katowice, nchi ya Poland.

Yafaa ujue kwamba liko jopo la wataalamu wa hali ya hewa, lililoundwa mwaka 1988 na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa. Moja la mashirika hayo, lile la mazingira, makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi. Kazi ya jopo si kupima mvua. Husoma maandishi ya wale wanaopima, likayalinganisha, kisha likaeleza lililo hakika na lililo na shaka. Muhtasari wake hupitishwa mstari kwa mstari pamoja na wajumbe wa serikali. Kazi hiyo huchosha sana, lakini baadaye ni vigumu serikali kudai kwamba haikushirikishwa.

Mwaka 2015, huko Paris, mataifa yalikubaliana kujitahidi joto la dunia lisizidi lile la zamani kwa zaidi ya digrii 1.5. Yakaliomba jopo lieleze maana yake. Jopo lilikubali ombi hilo katika mkutano wake wa Nairobi, Aprili 2016, na ripoti ikatoka Oktoba 2018. Waandishi wake walikuwa 91, kutoka nchi 40. Walisema kwamba joto likizidi kwa digrii 2, matumbawe ya baharini yatakwisha karibu yote, na mavuno ya mahindi katika Afrika kusini ya Sahara yatapungua zaidi kuliko kwa digrii 1.5.

Huko Katowice nchi nyingi zilitaka mkutano "uikaribishe" ripoti hiyo. Marekani, Saudi Arabia, Urusi na Kuwait zilitaka iandikwe tu kwamba imeonekana. Katika mikutano hii hawapigi kura, lazima wapatane. Kwa hiyo nchi nne zaweza kuzuia wengine wote. Mwishowe waliandika kwamba mkutano unakaribisha kumalizika kwa ripoti kwa wakati wake. Soma tena maneno hayo polepole. Kilichokaribishwa ni kumalizika kwa kazi. Habari zilizomo ndani, nchi zilialikwa tu kuzitumia.