Fukusi Anangoja Ufa

Kiazi kitamu kinaweza kupendeza kwa nje, ukakichemsha, kikawa kichungu hata mtoto mwenye njaa akikatae. Hiyo ni kazi ya fukusi. Uchungu wenyewe, hata hivyo, hautoki kwa mdudu, hutoka kwa kiazi. Buu anapokitafuna ndani, kiazi hujihami kwa kutengeneza kemikali chungu za jamii ya terpini, na matundu machache yanatosha kukifanya kisilike.

Kule Njombe na Mbeya wakulima wa viazi mviringo huhangaika na mnyauko wa bakteria unaokaa udongoni. Lingeka, mkoani Simiyu, ni nchi ya viazi vitamu, na adui wa huku naye huingilia ardhini. Ila ana udhaifu mmoja ambao natamani kila mkulima aujue: hawezi kuchimba.

Fukusi huyu, Cylas puncticollis, ni mweusi, urefu wa milimita 6 hadi 8, umbo kama la sisimizi. Jike hutaga kwenye shina karibu na ardhi, au kwenye kiazi chenyewe akikipata. Kilichofunikwa vizuri hakifikii, kwa hiyo anangoja ufa. Na Simiyu nyufa hazikosekani. Mvua zikikatika, udongo mweusi wa mbugani hupasuka, na hata matuta ya luseni, ule mchanga wa miinukoni, huchanika viazi vinaponenepa ndani. Penye joto, yai huwa fukusi kamili kwa muda wa mwezi hivi, na jike mmoja hutaga mayai yapatayo 100. Hebu piga hesabu kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba.

Basi dawa ya kwanza ni jembe. Pandishia matuta udongo, ziba nyufa, hasa baada ya mvua za mwisho. Panda marando ya ncha, kwa kuwa mayai hukaa zaidi kwenye shina kuukuu. Shamba jipya liwe mbali na la mwaka jana, maana fukusi si mrukaji hodari. Majani mabichi wape ng'ombe, lakini viazi vilivyooza vichome: kuvu wa udongoni wakiingia kwenye matundu ya fukusi, kiazi kinaweza kuwa na sumu inayoharibu mapafu ya mifugo.

Dawa iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, Wasukuma wanayo siku nyingi: michembe na matobolwa. Kiazi kilichovunwa mapema, kikakatwa na kuanikwa kibichi, au kikachemshwa kwanza ndipo kianikwe, hakibaki ardhini kumsubiri fukusi. Tunavisifu kama akiba ya njaa, na tunasahau kwamba ni kinga ya zao pia. Namwelewa anayeacha viazi kwenye tuta mpaka Agosti ili achimbe kidogo kidogo. Ardhi ni ghala lisilo na gharama. Lakini likishapasuka, ghala hilo ni la fukusi.

Mkulima wa Lingeka, mvua zikikatika, pita tuta kwa tuta. Ukiona ufa, uzibe siku hiyo hiyo, au vuna uanike.