Mtoto Wako Akisema Anataka Kutafiti Afya ya Angani

Leo tuache kidogo habari za kuhara na lishe. Majuzi kwenye kliniki ya watoto, mama mmoja wa Makongeni alibaki nyuma baada ya mtoto kupimwa uzito. Kifungua mimba wake, msichana aliye chuo kikuu, alikuwa amemwambia kuna pesa za kutafiti afya ya binadamu angani, na kwamba anatakiwa kutuma shilingi 15,000 za kujiandikisha kwa simu kabla ya Ijumaa. Mama alikuwa tayari ameomba mkopo kwa chama. Akaniuliza, "Sista, mambo hayo yapo kweli, ama mtoto anaibiwa?"

Nilimjibu kuwa yote mawili ni kweli. Utafiti upo na pesa zake zipo, lakini hizo 15,000 zilikuwa wizi mtupu.

Tuanze na utafiti wenyewe. Ukiwa umewahi kumuuguza mzee aliyelala kitandani kwa miezi, unajua jinsi miguu inavyokonda na mifupa inavyodhoofika. Msafiri wa angani hupatwa na jambo hilo hilo, kwa sababu mifupa yake haibebi uzito. Asipofanya mazoezi, mifupa ya nyonga na miguu hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi. Ndiyo maana wao hufanya mazoezi karibu saa mbili kila siku. Mwaka 2019, shirika la anga la Ujerumani pamoja na NASA ya Marekani waliwalaza watu 24 wenye afya njema kitandani kwa siku 60 mjini Köln, kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Walikula wakiwa wamelala na kuoga wakiwa wamelala. Nao walilipwa maelfu ya euro. Hakuna aliyeambiwa atoe pesa ndipo aingie.

(Wewe mwenye mgonjwa wa kulala nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili, umnyooshe na kumkunja viungo taratibu. Hilo halihitaji kwenda Ujerumani.)

Najua kuna anayesema, wodi zetu hazina vitanda vya kutosha, na huko watu wanatumia mamilioni kwa wasafiri wa angani! Mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Lakini miaka ya 1980, watafiti waliokuwa wakichunguza mwani kama chakula cha safari ndefu za angani walikuta ndani yake mafuta yale yale yaliyomo kwenye maziwa ya mama, yanayosaidia ubongo na macho ya mtoto. Leo mafuta hayo hutiwa kwenye maziwa mengi ya kopo. Wewe unayenyonyesha unayo bila kulipa senti.

Sasa, nani hulipa? NASA ina mpango mkubwa wa utafiti wa binadamu, lakini pesa zake huenda kwa taasisi za Marekani. Mtafiti wa nje anaweza kushirikiana nao, ila kwa kawaida gharama zake hubebwa na nchi yake. Kwa Mkenya, mlango ulio karibu zaidi ni ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga, iliyoko Vienna. Hiyo hushindanisha vyuo, hasa vya nchi zinazoendelea, na mshindi hupewa nafasi ya kutumia mitambo ambayo kwetu haipo. Chuo Kikuu cha Mahidol cha Thailand kilipata nafasi hivyo ya kuzungusha mmea mdogo wa chakula katika mashine kubwa iliyoko Uholanzi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilichaguliwa mwaka 2016, na satelaiti yake ndogo ikaachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa tarehe 11 Mei 2018. Haikuwa ya afya, lakini mlango ni huo huo.

Hapa nyumbani tuna Shirika la Anga za Juu la Kenya tangu 2017, na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Sheria hiyo ilisema hazina ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kusema ni rahisi. Pesa zilizotolewa hazijakaribia hapo.

Mama, shika hili: anayeshindania pesa hizi ni chuo na mwalimu wake. Mwanafunzi huingia akiwa chini ya msimamizi, kwa barua ya chuo. Hatumi pesa kwa namba ya simu ya mtu. Na utafiti wowote unaofanyiwa watu hapa Kenya lazima upitishwe na kamati ya maadili. Wasichana 2,275 wa Thika, Nairobi na Kisumu walioshiriki utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, uliotoa matokeo mwaka 2022, walielezwa kwanza, wakakubali, na walikuwa huru kujitoa. Uliza fomu ya idhini. Mtoto akiwa chini ya miaka 18, wewe mzazi ndiye unayetia sahihi.

Yule mama alimsindikiza bintiye kwa mwalimu wake. Walipojaribu kupiga ile namba, ilikuwa imezimwa. Mkopo wa chama aliurudisha, na mwalimu akamshauri msichana aanze na mifupa iliyo karibu: ya akina mama wa Thika waliokoma hedhi, ambayo nayo hupungua madini.

Wiki ijayo tutarudi kwa chanjo ya surua, saa ile ile. Kwaheri kwa sasa.